Kabla ya barua ya onyo, itazame rosta ya zamu

Mleta mada, umesema umepandishwa cheo juzi kuwa supavaiza wa mgahawa kwenye hoteli huko Kiwengwa, Unguja, na mhudumu wako aliyekuwa hodari kuliko wote sasa anachelewa, anawajibu wenziwe kwa mkato, na meneja anataka umwandikie barua ya onyo. Usiandike kwanza. Mie nimesimamia wahudumu wa mgahawa na wa vyumba huku Nungwi kwa miaka, na mvivu hawi hivyo. Mvivu unamjua tangu wiki ya kwanza. Aliyekuwa mzuri kisha akageuka, huyo kuna kitu kinamla.

Kwa Kiingereza wanakiita burnout, yaani kuchoshwa na kazi mpaka moyo unazimika. WHO, Shirika la Afya Duniani, walipolieleza jambo hili mwaka 2019 kwenye ICD-11, ule mpangilio wao wa magonjwa, hawakuliita ugonjwa. Walisema linatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukusimamiwa vizuri, wakataja alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona hufanyi la maana. Hapo kwenye kusimamiwa ndipo pa kumwonyesha meneja wako.

Alama ya kwanza haikusaidii sana, maana msimu ukipamba moto hotelini nani hajachoka? Tazama ya pili. Nilikuwa na mama mmoja wa Kipemba, mhudumu wa vyumba, taulo zake akizikunja mabata wawili wanaotazamana, katikati kaweka ua. Wageni wanapiga picha. Ikafika siku naingia kukagua, taulo zimekunjwa mraba tu. Kitanda kimenyooka, choo kinang'aa, hakuna kosa la kuandika popote. Wiki nzima hivyo hivyo. Kazi inafanyika, mwenyewe hayumo.

Sasa ukimuuliza mtu wetu hali, atakwambia salama, alhamdulillahi, hata kama ana homa. Ndivyo tulivyolelewa. Uliza kitu chenye jibu: jana ulifika nyumbani saa ngapi? Watoto uliwakuta macho? Yule mama nilimuuliza tuko stoo ya mashuka, tunahesabu, si ofisini. Kumbe kuwaandalia wageni vitanda vya kulalia anamaliza saa 3 usiku, lakini gari la wafanyakazi linasubiri watu wa baa wafunge, kwake Mjini Unguja anafika karibu saa 7 usiku, na alfajiri anatakiwa kituoni tena.

Dawa ilikuwa kwenye rosta. Aliyefunga usiku asifungue asubuhi, sheria ya kwanza hiyo, na ndiyo inayovunjwa kila mtu mmoja akikosekana. Ya pili, zile zamu za vipande viwili, kiamshakinywa halafu chakula cha usiku. Kwa anayelala Kiwengwa hapo hapo si mbaya, anarudi kwake mchana. Anayetoka Mjini mchana wote anaumaliza chini ya mnazi na viatu vya kazi mguuni, na hayo hayahesabiwi kuwa saa za kazi. Usimpangie huyo mfululizo.

Halafu likizo. Hoteli nyingi zinazirundika zote kwenye masika, Aprili na Mei, wageni wakipungua. Hesabu mwenyewe: anayeanza Juni anakwenda mpaka masika ijayo bila kupumzika. Mie nilikuwa nakata kipande nakitoa Novemba, wakati wa vuli, kabla ya wageni wa Disemba. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, sasa imeingia ndani ya msimu. Mtu kafunga, kabeba sahani za watu tangu asubuhi, basi magharibi mpe nafasi ya kukaa afuturu, si tende moja kasimama nyuma ya jiko.

Jambo jingine dogo lakini linauma: maziko. Kwetu maiti anazikwa siku ile ile, na ruhusa inayohitaji saini tatu inatoka watu wameshatawanyika. Waache wabadilishane zamu wenyewe, wewe uarifiwe tu.

(Ukiletewa semina ya kuhamasisha wafanyakazi, fulana na keki, ikapangwa siku yao ya ofu, ikatae kwa heshima zote.)

Ikiwa umempunguzia na bado halali, hata nyumbani hacheki na mtu, au anasema maneno ya kukata tamaa na maisha, hapo si suala la rosta tena. Anahitaji daktari, na usingoje wiki ijayo. Tatizo ni kwamba ukitaja Kidongo Chekundu tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, mtu anahisi umemwita mwendawazimu. Mwambie aanzie kituo cha afya cha karibu, umsindikize akikubali. Kwenye rosta andika mgonjwa, basi. Wenziwe wakiuliza anaumwa nini, waambie kichwa.