Maswali ya wasomaji: Njia ipimwe kwa siku yake mbaya

Mwezi huu barua karibu zote ni za barabara. Nimechagua tatu, ya kwanza nitaijibu kwa urefu juu najua iko na watu wengi hapa Lubumbashi wanaoingoja jibu lake, hata kama hawakuandika.

SWALI: Jambo papa. Mimi ni wa Katuba. Nimenunua motokari toka Japani, inashuka bandari ya Dar es Salaam, na mimi na mdogo wangu ndio tutaenda kuichukua tuilete wenyewe kwa barabara mpaka Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia. Safari ndefu siiogopi, niliendesha kamyo Likasi na Kolwezi miaka sita. Kitu kinanisumbua ni kutoka ndani ya ule mji, kila mtu aliyefika kule anasema ambuteyaje yake, ile foleni, inakula siku nzima. Ramani ya simu inanionyesha njia tatu toka bandarini, tofauti yake ni dakika nane tu. Nifuate ipi?

JIBU: Ndugu wa Katuba, hizo dakika nane uzisahau kabisa. Simu imekupa hesabu ya saa ile uliyoangalia, ukiwa umekaa Katuba, na siku utakayotoka getini mambo yatakuwa mengine. Mimi nimeleta motokari toka Dar mara kadhaa na kitu nilichojifunza ni kimoja, njia usiipime kwa siku yake nzuri. Jiulize ikiharibika inaharibika mpaka wapi, na ikiharibika utakuwa na pa kusimama, pa kununua mafuta, ama utakuwa umebanwa katikati ya makamyo na sindano ya joto inapanda.

Njia ya kwanza ni ya Nelson Mandela Road. Unatoka bandarini unaishika, unapita Tazara, unapita Buguruni, Tabata, unafika Ubungo, pale unakata kushoto unaingia Morogoro Road na ndiyo imeisha, hukati tena, ni Kimara, Mbezi, Kibaha, mpaka Chalinze. Hii ndiyo ninayokuambia ufuate. Si kwamba iko wazi, hapana, mchana imejaa makamyo ya kontena sawa vile njia yetu ya Kasumbalesa. Nakuambia uifuate juu ya ile kona moja. Kumbuka Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kule kona ya kushoto ni ya bure, hukati mbele ya mtu. Kona ya kulia ndiyo ya kulipia, unasimama katikati, unangoja walio mbele yako wapite, nyuma wanakupigia honi, na wewe bado unafikiria kwa kichwa cha Kongo ambapo kila kitu kiko kinyume. Njia yenye kona moja ya kushoto, kwa mtu mgeni ndani ya motokari asiyoizoea, inashinda njia fupi yenye kona tano.

Watu watakuambia Tazara siku hizi hakuna shida, waliweka daraja la juu. Ni kweli, daraja la Mfugale lilifunguliwa 2018 na lilisaidia sana, lakini ujue linabeba watu wa Nyerere Road, wale wa mjini na uwanja wa ndege. Wewe wa Mandela unapita chini yake, kwenye mataa, na unangoja. Ubungo nako waliweka barabara za kupishana ghorofa kwa ghorofa mwaka 2021, wanaita Kijazi, na pale kweli mambo yalibadilika. Halafu kuanzia Kimara mpaka Kibaha barabara imepanuliwa ikawa ya njia nane, kilomita 19 na kidogo, ukifika hapo utapumua.

Lakini kabla hujapumua, katikati ya Ubungo na Kimara utaona katikati ya barabara njia mbili safi, tupu, hakuna mtu, na wewe umesimama kwenye foleni. Usiingie! Ni za mabasi ya mwendokasi, yanatembea humo toka 2016, na motokari ya mtu binafsi haina ruhusa. Mgeni mwenye plaketi ya namba ya transiti akiingia humo anaonekana toka mbali.

Njia ya pili simu inakupitisha mjini, Kariakoo, Magomeni, unaishika Morogoro Road toka mwanzo wake. Kwa ramani ni nzuri. Kwa macho, unapita bonde la Jangwani, na Mto Msimbazi ukijaa wakati wa masika, yaani toka Machi mpaka Mei, maji yanapanda juu ya barabara na polisi wanafunga. Siku ikiharibika haichelewi dakika ishirini, inafungwa, unarudi ulikotoka pamoja na mji mzima. Ya tatu inazunguka upande wa Kinyerezi na Malamba Mawili inatokea Mbezi. Wenyeji wanaipenda na wako na haki, inaruka Ubungo. Lakini ni nyembamba, iko na milima na daladala zinasimama popote, na wewe freni za motokari hujazijua bado. Hiyo waachie wenyeji.

Sasa saa ya kutoka, na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi kuliko hata kwenye mambo ya njia. Makaratasi ya bandari yanapenda kumalizika jioni. Unahangaika siku nzima na wakala, saa kumi za jioni anakupa ufunguo, umechoka, umefurahi, unataka kuondoka palepale. Usiondoke. Saa ile mji mzima unarudi nyumbani na nusu yake inarudi Kimara na Mbezi, njia yako ileile. Asubuhi ni kinyume, watu wanaingia mjini na wewe unatoka. Egesha motokari pahali penye mlinzi, lala, ondoka saa kumi na moja alfajiri, kama unaweza iwe Jumapili.

Na urekebishe saa yako. Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Safari yangu ya kwanza nilikuwa na saa ya mkononi, ilikuwa bado ya nyumbani, nikaamka nikasema ni saa kumi na moja, nikanywa chai pole pole, kumbe pale ni saa kumi na mbili, na kabla sijafika Buguruni mwanga ulikuwa umetoka na makamyo yalikuwa yamejaa pande zote mbili. Nilikaa chini ya yale mataa, vijana wanapita na maji baridi na korosho vichwani, na taa ya mafuta ikawaka kwenye dashibodi. Juu ya nini? Juu motokari zinazopakiwa melini zinawekewa mafuta kidogo sana, ya kutosha kuingia na kushuka tu. Mimi sikujua. Nilizima injini kila tuliposimama, nawasha, nazima, na betri nayo ilikuwa imelala melini wiki nyingi, mara ya nne ikakataa kuwaka. Wale wauza korosho ndio walinisukuma pembeni, na hawakutaka hata shilingi. Kwa hiyo mafuta ununue jioni ileile kabla ya kulala, uangalie betri, upime upepo wa mipira, na asubuhi uwe unaendesha tu.

Mdogo wako akae na simu, wewe ukae na volani. Usisome ramani huku unaendesha, Tazara hapana, Ubungo hapana. Na mkishafika Kasumbalesa, baada ya Tanzania na Zambia yote mmeshika kushoto, wa kwanza kusema kwa sauti "sasa ni kuume" awe yeye. Nimeona shofere mzuri sana akiingia kwetu amechoka, anashika kushoto kwa mwendo wa mita mia mbili hivi bila kujua.

SWALI: Papa, naishi Ruashi, kazi yangu iko mjini, na watoto wawili nawashusha shuleni njiani, mlango unafungwa saa moja na nusu. Niko na njia mbili. Ile kubwa siku nzuri ni dakika 30, lakini ikishikana inafika 75. Ya ndani ya mitaa ni dakika 40 kila siku, labda 45. Bwana yangu anasema njia kubwa ni ya haraka, niache uoga. Ni nani mwenye haki?

JIBU: Mama, wewe ndiwe mwenye haki, na bwana anaweza kuiona mwenyewe kwa kalamu. Tuseme kwa siku kumi za kazi njia kubwa inakupa siku nane za dakika 30 na siku mbili za 75. Jumla ni dakika 390, ukigawanya ni 39 kwa siku. Njia ya ndani ni 40. Kwa wastani bwana anashinda kwa dakika moja! Ndio maana watu wanagombana nyumbani juu ya njia, kila mmoja iko na hesabu yake na hesabu yake ni kweli.

Lakini mlango wa shule haufungwi kwa wastani. Zile siku mbili watoto wanasimama inje. Na ukitaka njia kubwa isikuangushe hata siku moja, inabidi kila siku uondoke dakika 75 kabla, ndiyo kusema watoto wanaamka nusu saa mapema kuliko ukipita mitaani, siku zote kumi, juu ya siku mbili. Njia ya ndani inakupa usingizi.

Nakuongezea mambo matatu. Mvua ikianza, toka Novemba mpaka Machi, uipime tena njia yako ya ndani upya, juu mitaa isiyo na lami dimbwi la jana linaficha shimo la leo, zile dakika 40 zako ni za kiangazi. Na ukivuka reli kuingia mjini, andika kwenye kikaratasi siku zile ulizokuta treni na saa yake, usiweke kichwani, kichwa kinakumbuka siku mbaya tu. Wiki mbili za kuandika zinatosha.

La tatu ni kona. Sisi tunaendesha kuume, kwa hiyo kwetu kona ya kushoto ndiyo inayokula dakika, na motokari zetu mingi za volani ya kuume zinaifanya kuwa mbaya zaidi, ukiwa nyuma ya kamyo huoni anayekuja mpaka umetoa pua yote. Kule Marekani kampuni ya UPS, inayopeleka vifurushi, inapanga njia za makamyo yake ili yakwepe kona za kushoto, hata kama yanazunguka kidogo, juu kusimama kungoja kunakula mafuta na kunaleta ajali. Angalia njia yako kwa jicho lile: kama iko na kona ya kushoto bila mataa, jaribu kupita mtaa unaofuata ukate kuume mara tatu, upime. Mara mingi ni dakika mbili zaidi siku nzuri, na kumi pungufu siku mbaya.

SWALI: Niko kijana wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, ninafanya takisi. Simu inaniambia kata mtaa huu, nafika nakuta takisi zote ziko humo, na motari, wale wa takisi za pikipiki, wamejaza pembeni. Simu inadanganya?

JIBU: Haidanganyi kijana wangu, imewaambia wote kitu kimoja. Hesabu ya kutafuta njia fupi ni ya zamani, Mholanzi anaitwa Edsger Dijkstra aliichapisha 1959, na kazi yake ni kumtafutia mtu mmoja njia moja. Simu inachukua hesabu za namna hiyo inaongeza mwendo wa simu zingine zilizo barabarani, zikienda polepole inapaka rangi nyekundu. Sasa mtaa ambao simu zinazopita ni chache haina cha kupima, inauona tu hauna nyekundu. Mnaingia watu hamsini ndani ya mtaa wa upana wa motokari mbili, na ndiyo nyekundu mpya. Mjerumani Dietrich Braess alionyesha kwa hesabu, 1968, kwamba hata kuongeza barabara mpya kunaweza kuwachelewesha wote, kila mtu anaikimbilia kwa faida yake. Wewe umeiona kwa macho pale Kenya.

Kwa hiyo simu itumie kujua wapi pameshikana, na pa kupita upachague wewe, unajua siku za soko, unajua shule zinatoka saa ngapi, unajua mtaa gani wameweka msiba na turubai katikati ya njia. Na ramani ukiihifadhi kwenye simu ili kulinda mega zako za intaneti, inakuonyesha mitaa lakini ile nyekundu haiji, inahitaji intaneti. Hiyo ni kwako na kwa ndugu wa Katuba pia, laini yako ya hapa huenda isishike kule Dar, nunua laini ya kule siku ya kufika, kabla hujaenda kuonana na wakala.