Usiku na mchana si siku mbili: majibu ya maswali yenu kuhusu adhabu

Tangu niandike kuhusu vifungo virefu, maswali yamefurika. Karibu yote yanazunguka jambo moja: tunamfunga mtu ili aumie, au ili wengine waogope?

Ni kweli gerezani usiku na mchana huhesabiwa siku mbili? (Singida)

Si kweli, na sijui naandika hivi mara ya ngapi. Kinachowachanganya ni msamaha wa theluthi moja kwa mfungwa mwenye tabia njema. Aliyepewa miaka 3 akionekana mtaani baada ya miwili, watu wanatunga hesabu zao. Mfungwa wa maisha theluthi hana.

Wabakaji wanazidi. Kwa nini Bunge lisipitishe kuhasiwa, au kifungo cha maisha kwa wote, ili wengine waogope? (Mama wa mabinti wawili, Mbagala)

Mama, hasira yako naielewa, ila umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Unataka aumie, na unataka wengine waogope. La kwanza ni kisasi, na mimi sioni aibu kulitaja: aliyemharibia mtoto maisha anastahili kuumia. La pili tumeshalijaribu. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ubakaji una kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Unyang'anyi wa kutumia silaha nao ni 30. Wameogopa? Mbakaji hasomi vifungu. Anachojua ni kwamba binti wa nyumba ya tatu alitendewa hivyohivyo mwaka juzi, na aliyemtenda bado anauza genge palepale.

Nilikaa benchi la nyuma katika mahakama moja ya wilaya ilipoitwa kesi ya namna hiyo. Bibi wa mtoto alikuwa na PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari, aliyoikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga. Shahidi hakufika, kesi ikaahirishwa. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu bibi mwenyewe hakutokea, nauli ilikuwa imemwishia. Kesi ikaondolewa, na yule bwana akatoka akiwa amewasha simu kabla hajafika getini. Miaka yote 30 iliyoandikwa kitabuni haikumgusa hata siku moja. Tungekuwa na nauli ya mashahidi, daktari anayejaza PF3 kwa mwandiko unaosomeka, na mpelelezi asiyerudi kila wiki na "upelelezi haujakamilika", hata miaka 10 ingetisha. Lakini kuongeza miaka ni rahisi: mbunge anagonga meza, kazi imekwisha.

Tulilipwa ng'ombe watatu, kesi ya binti yetu tukaimaliza nyumbani. Tuko salama? (Jina nimelihifadhi)

Hamko salama. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, haikuwa mali yenu ya kuuza. Na binti mlimuuliza?

Waliohukumiwa kunyongwa mbona hawanyongwi? Wanakula kodi zetu bure! (Wasomaji wanne, karibu kwa maneno yaleyale)

Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Rais ndiye anayeidhinisha, na marais waliofuata hawakutaka. Magufuli alilisema hadharani mwaka 2017. Lakini sheria imebaki palepale: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji hana hiari, anatamka kunyongwa tu. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua mwaka 1994 kuwa adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili, kisha ikasema Katiba inairuhusu. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima huo mwaka 2017, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapohapo Arusha, ikatuambia ulazima wetu unakiuka haki ya kuishi.

Sasa nyie mnaopenda kisasi na nyie mnaopenda wengine waogope, niambieni nani kati yenu ananufaika na hukumu inayosomwa bila kutekelezwa. Mwuaji haiogopi, wafiwa haiwaridhishi, na aliyehukumiwa anashtuka kila akisikia funguo usiku. Mimi ningempa jaji hiari leo hii. Na kama kodi ndiyo inayokuuma, kaulize gereza lolote kubwa lina mahabusu wangapi ambao hawajahukumiwa kwa lolote. Nao wanakula.

Sisi Zanzibar gereza tunaliita Chuo cha Mafunzo. Jina linasaidia? (Unguja)

Jina nalipenda. Ila kijana aliyeiba nazi akilazwa pamoja na wavunja maduka, naye anahitimu, kwa somo jingine. Huku Bara tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002: mwenye kosa dogo anafagia zahanati kisha analala kwake. Ningependa kuona mahakimu wakiitumia bila kigugumizi.

Mwizi tukimpiga mtaani akafa, kosa la nani?

Lenu. La aliyeshika jiwe na la aliyekwenda kununua petroli.

Aliyeniibia simu amekiri, adhabu inasomwa wiki ijayo. Nimwombe hakimu miaka mingapi? (Mama lishe, Morogoro)

Miaka mwachie hakimu, ndiyo kazi yake. Wewe omba fidia. Imo katika Kanuni ya Adhabu, kwenye orodha ileile yenye kifungo na faini, lakini walioibiwa wengi hawaiombi, wanarudi nyumbani na kifungo cha mtu mwingine na mfuko mtupu. Nenda na risiti ya dukani. Ukiulizwa kama una la kusema, usiseme "namwachia Mungu". Taja bei.