Kasome Msumbiji, ila anza na Kireno

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni busara kuchukua historia na siasa za Msumbiji kwenye shahada ya pili, maana wenzako wanakucheka: jirani tu huyo, ana kipi cha kusomea? Kasome. Ila nina sharti.

Sisi Watanzania tumezoea kuisimulia Msumbiji kama habari zetu. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wakafunzwa Nachingwea, kiongozi wao wa kwanza, Mondlane, akauawa kwa bomu la kifurushi hapo hapo Dar mwaka 1969. Kweli yote, lakini ukiishia hapo utakuwa umesomea kujisifu. Anzia kwao: Mueda, mji wa Wamakonde kaskazini mwa Msumbiji, 16 Juni 1960, watu walipokusanyika mbele ya ofisi ya Mreno wakapigwa risasi. FRELIMO husema walikufa 600, watafiti wengine wanataja wachache zaidi. Ubishi huo nao usome.

Na yaliyofuata uhuru wa 1975 usiyaruke. RENAMO, waasi waliopigana na serikali ya FRELIMO, ilianzishwa na Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), kisha ikalelewa na makaburu wa Afrika Kusini, sawa. Lakini mbona kuna wakulima walioiunga mkono? Serikali ya FRELIMO iliwahamishia vijijini kwa nguvu, ikawaweka machifu wao kando. Sisi tulioonja operesheni vijiji tusijifanye hatuelewi. Vita vile havikwisha hadi mkataba wa Roma, 1992.

Ngoma pia usiidharau. Kinyago cha mapiko, ngoma ya Wamakonde, huvaliwa kichwani kama kofia, kimebandikwa nywele za mtu, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Enzi za ukoloni wachongaji walimchonga Mreno mwenyewe, akachezwa uwanjani watu wakamcheka. Hiyo nayo ni siasa.

Sasa sharti: Kireno. Kimakonde chako kitakufaa Mueda na Kiswahili kitakufaa pwani ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini lilipo Mueda, lakini majalada yapo kwa Kireno, Maputo na Lisbon, yakiwemo ya PIDE, polisi wa siri wa Mreno. Bila lugha hiyo utabaki kuwasoma Waingereza waliowasoma Wareno.

Na usithubutu kuvuka Ruvuma kwenda kuhoji watu Cabo Delgado. Tangu 2017 huko kuna vita. Anzia Maputo.

Ulizia kozi ya Kireno ni shilingi ngapi, unijulishe mapema. Korosho zikilipwa nitatuma.

Mama yako, Newala