Maswali yenu: vumbi la Tanga na macho ya angani

Mgosi, nakaa Pongwe, kila asubuhi nikifagia kibaraza nakuta vumbi jeupe. Setilaiti zinaliona hili?

Hazilioni mgosi, na wala usizisubiri. Vumbi linalotua kibarazani ni chembe nene, haziendi mbali, na Sentinel-5P, setilaiti ya Ulaya ambayo ndo inatumika sana kupima gesi chafu, nukta yake moja ya picha inabeba kama kilomita 5.5 kwa 3.5, yaani nyumba yako, mashamba na kipande cha barabara ya Segera vyote vinapewa rangi moja. Afu yenyewe kazi yake hasa ni kusoma gesi, sio unga wa mawe wa kibarazani. Wewe weka sahani safi juu ya ukuta, kesho piga picha na simu, fanya hivyo wiki nzima uandike na upepo ulikuwa unatoka wapi, peleka serikali ya mtaa na NEMC, lile baraza la mazingira. Picha ya sahani itakusaidia kuliko ya angani, niamini.

Sasa kama haioni vumbi inaona nini?

Inaangalia mwanga wa jua unaorudi juu, maana kila gesi inakula rangi zake za mwanga, ukijua kilichopungua unajua gesi gani ipo. Ile naitrojeni dayoksaidi ya magari na makaa ya mawe ndo inanaswa vizuri sana kwa sababu mchana inadumu masaa machache tu, kwa hiyo unaiona pale pale inapotoka. Mpumalanga kule Afrika Kusini, kwenye mitambo ya umeme wa makaa, pamewiva kabisa kwenye ramani! Na 2020 watu walipofungiwa ndani kwa korona, rangi ilipauka China na kaskazini mwa Italia, dunia nzima ikashuhudia. Ukungu wa moshi wenyewe ni kazi ya vyombo vingine, mfano kamera ya MODIS iliyopo kwenye setilaiti ya Terra toka 1999, na ule wa kaskazini mwa India wanaanga wanauona hata kwa macho.

Nimeangalia ramani mwezi wa nne, Tanga yote nyeupe. Moshi?

Masika hayo, mawingu.

Wachoma chokaa wakiwasha tanuri usiku wanaonekana?

Sentinel-5P inapita mara moja kwa siku, kwenye saa saba na nusu mchana, bila jua haina cha kusoma. Kuna VIIRS, kamera nyingine ya setilaiti, inayoweza kunasa joto la moto usiku kama moto ni mkubwa, lakini itakwambia pana moto, haikwambii majirani wamevuta nini.

Kwa nini Marekani wanapata vipimo kila saa?

Wana kifaa cha TEMPO, kilirushwa 2023, kinazunguka sambamba na dunia kwa hiyo ni kama kimeganda sehemu moja, kinawaangalia mchana kutwa. Asia wana cha namna hiyo, GEMS, toka 2020, Ulaya wamepandisha Sentinel-4 mwaka 2025. Afrika hatuna ya hivyo, na kinachoniudhi ni kwamba zote hizo zinaganda juu ya ikweta, ambayo imepita humu humu kwetu.

Kuangalia ni bei gani?

Bure. Fungua tovuti ya Worldview ya NASA, shirika la anga la Marekani, tafuta Tanga, chagua tabaka la Aerosol, yaani chembe zinazoelea hewani. Sema picha zake nzito, bando la mia tano linakata kabla hujafika Muheza, tafuta waifai.