Kabla ya kulinganisha mtama mrefu na mfupi, ujue udongo wako ulikotoka

Nilipotaka kwa mara ya kwanza kujua kama jeni ya ufupi wa mtama na naitrojeni hutegemeana, nilijaza udongo katika ndoo 24 nyuma ya nyumba yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, nikapanda aina fupi ya dukani katika ndoo 12 na mtama mrefu wa kienyeji katika zilizobaki, kisha nikatia urea katika nusu ya kila kundi. Baada ya wiki sita ndoo zote zilikuwa na majani ya kijani kilichokolea. Ndipo kijana aliyeniletea udongo aliponieleza, bila wasiwasi wowote, kwamba aliuchota mahali palipokuwa zizi la ng'ombe.

Chota udongo katika shamba lililochoka, uoteshe kwanza miche michache bila mbolea. Majani ya chini yakianza kugeuka manjano kutoka nchani huku machanga yakibaki ya kijani, udongo huo unafaa, kwa kuwa mmea wenye njaa ya naitrojeni huiondoa katika majani makongwe na kuyapelekea machanga.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo halikutokana na kijana yule. Aina mbili za mtama hutofautiana kwa jeni nyingi, hivyo nisingeweza kusema lolote kuhusu jeni moja. Aina fupi nyingi hubeba jeni ya Dw3 iliyoharibika kwa sababu kipande chake chenye herufi 882 za DNA kimejirudia. Jeni iliyo nzima husaidia kusafirisha homoni ya oksini ndani ya shina; ikiharibika, pingili za chini hubaki fupi. Mara mojamoja kipande hicho cha ziada hupotea, na katika shamba la mtama mfupi huchomoza shina moja refu, ambalo wakulima wengi huling'oa wakidhani mbegu zilichanganyika (na wakati mwingine ni kweli zilichanganyika). Lifunike suke lake kwa mfuko wa karatasi kabla halijachanua ili lijichavushe lenyewe. Takriban robo ya watoto wake wakiwa wafupi, umepata ndugu wanaokaribia kutofautiana kwa jeni hiyo tu. Wafupi tayari ni safi. Warefu wafunike tena, upande mbegu za kila suke katika mstari wake, na uchague mstari usiotoa mfupi hata mmoja.

Mimi hufanya jaribio kati ya Agosti na Novemba, wakati mvua haiwezi kuosha mbolea. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo gramu 2.2 huipa ndoo ya kilo 10 za udongo takriban gramu moja ya naitrojeni. Igawe mara mbili, na uhamishe ndoo kila wiki, kwani zilizo karibu na ukuta hupata joto zaidi.

Mwishoni kausha mimea na uipime kwenye mizani, maana kwa rula mfupi atashindwa siku zote. Tafuta urea imewaongezea warefu gramu ngapi, kisha wafupi ngapi: nyongeza hizo mbili zikipishana kuliko ndoo za kundi moja zinavyopishana zenyewe kwa zenyewe, hapo ndipo unapoweza kusema kwamba jeni na naitrojeni hutegemeana.