Kelele za Jirani na Mpangaji Mwenye Usonji

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimepanga chumba na sebule Ilomba jijini Mbeya, na miaka miwili iliyopita daktari alithibitisha kwamba nina usonji. Nyuma ya ukuta wangu yupo fundi wa kuchomelea mageti ambaye huwasha grenda saa 1 asubuhi, na jioni glosari iliyo mbele yetu hufungulia spika hadi usiku wa manane. Grenda ikigusa chuma hujikuta nimekaa sakafuni nimeziba masikio, na baada ya hapo naweza kukaa saa nzima bila kuweza kutamka neno. Mama mwenye nyumba amenijibu kwamba wenzangu wamezoea na mimi ninadeka. Nililipa kodi ya miezi 6, na bado imebaki 4. Je, kuna msaada, au nihame tu?
Mpangaji, Ilomba

JIBU: Dada yangu, pole sana, na naomba uamini kwamba hudeki. Kwa watu wengi wenye usonji, sauti ambayo jirani huacha kuisikia baada ya dakika chache huendelea kuingia kwa nguvu ileile kila inapolia, na ndiyo maana kuambiwa “utazoea” hakujakusaidia kitu. Kukosa usemi baada ya kuelemewa na kelele huwapata wengi wenye hali kama yako, wala si utovu wa adabu.

Ukisoma tena barua yako utaona kwamba kuna kelele za aina mbili, nami nisingependa uzishughulikie kwa njia moja.

Spika ya glosari ni tatizo la mtaa mzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zimeweka viwango vya sauti kwa mchana na usiku, kwa hiyo huhitaji kumweleza mtu yeyote habari za afya yako ili usikilizwe. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila tukio kwa ufupi, kwa mfano: “Jumamosi, muziki umeanza saa 2 usiku, umezimwa saa 7, vioo vya dirisha vinatetemeka.” Kisha andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ukiambatisha kurasa hizo, na ikiwezekana majirani wawili watatu watie saini pamoja nawe, kwa maana sidhani kama wote wamezoea kama unavyoambiwa. Pakishindikana hapo, nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri ya jiji, au katika ofisi ya kanda ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo ipo hapohapo Mbeya.

Fundi ni suala jingine, kwani ile grenda ndiyo inayolisha watoto wake, na ukimshtaki kabla ya kuzungumza naye utakuwa umejiongezea adui ukutani. Kwake ndiko usonji unapaswa kuelezwa, tena kwa ombi dogo analoweza kulitimiza: akatie vyuma upande wa barabarani, aanze kukata saa 3, na siku ya kazi kubwa akutumie ujumbe jana yake ili upange kuwa kwingine.

Najua kwamba kuzungumza ndiko kunakokuchosha zaidi, na ofisi ya mtaa yenyewe huwa imejaa watu na makelele. Huna wajibu wa kujieleza kwa mdomo. Peleka maelezo yako kwa maandishi, nenda na ndugu au rafiki atakayesema kwa niaba yako, na uombe kupangiwa muda ambao ofisi imetulia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa. Ulizia ya kwenu, na umwone pia afisa ustawi wa jamii ukiwa na cheti cha daktari, kwa kuwa neno la afisa huyo kwa mama mwenye nyumba litakuwa na uzito ambao la kwako peke yako halikupewa.

Wakati unasubiri, hamisha kitanda mbali na ukuta wa fundi, ziba uwazi ulio kati ya ukuta na bati, na uvae viziba masikio kabla grenda haijaanza.

Kuhusu kuhama, usiondoke kwa hasira ukaacha kodi ya miezi 4. Soma mkataba wako, kisha umwombe mama mwenye nyumba, kwa barua yenye heshima, akuhamishie chumba cha upande mwingine au akurudishie fedha za miezi usiyokaa. Akikataa, mtafute msaidizi wa kisheria, ambaye huduma yake ni ya bure. Na ukipata nyumba nyingine, usimlipe dalali kabla hujafika pale mara mbili, asubuhi ya siku ya kazi na Jumamosi usiku, ukakaa chumbani mlango ukiwa umefungwa.