Mchungaji, kanisa likipungua masika usikimbilie boti

Bwana Yesu asifiwe watumishi. Juzi mtumishi mmoja kijana anaechunga kule upande wa Paje, pwani ya Unguja, kanitumia meseji usiku wa manane, anasema baba mchungaji mimi nafunga kanisa narudi bara, washirika wameisha, kodi ya ukumbi imefika na mke wangu hasemi kitu siku hizi. Hiyo hali naijua.

Kwa asiyejua huduma ya Unguja, makanisa yetu mengi ya pwani yanabebwa na watu wa hotelini, wapishi, walinzi, wahudumu, vijana wa Mwanza na Songea. Masika ikikolea mwezi wa nne hoteli nyingine zinafunga, nyingine zinapunguza watu, basi nusu ya kwaya inapanda boti. Jumapili unahubiria mama mchungaji, watoto wenu na mlinzi katoka zamu ya usiku anasinzia kiti cha nyuma. Halafu ukirudi nyumbani unafungua simu unakuta mtumishi wa Dar yuko laivu watu wamejaa mpaka nje, hapo ndo adui anaanza kukuhubiria wewe.

Mwaka mmoja wa namna hiyo, mshirika niliemuombea na kazi nikamtafutia mimi mwenyewe, aliandika kwenye grupu la kanisa kwamba upako umeondoka madhabahuni. Nilikuwa Darajani nanunua mchele, nikausoma nimesimama hapohapo na mfuko mkononi. Sikujibu. Mpaka leo namsalimia vizuri ila panauma, siwezi kudanganya. Mwezi wa saba wageni wakarudi, viti vikajaa, na yeye akarudi akakaa mbele, habari ya upako kimya! Leo kwa neema ya Mungu tuna kiwanja chetu na bati juu.

Kwahiyo mtumishi, usijipime kwa kalenda ya hoteli. Sadaka ya mwezi wa nane na ya disemba usiile yote, weka ya masika. Watu wa shifti wawekee ibada jumatatu usiku, watakuja. Na fanya kazi ya mikono, Paulo alishona mahema Korintho na hakuna aliemwambia kapoa kiroho. Simu izime ulale! Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu kule jangwani, malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala tena, ndipo safari ya mlima Horebu. Sisi tunataka mtumishi afunge tu na kukesha, tunamuua.

Hata lile kanisa la Mkunazini, pale Mji Mkongwe, jiwe la msingi liliwekwa 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, halikusimama kwa msimu mmoja.

Mdogo wangu wa Paje, mama mchungaji kunyamaza kwake ndo jambo la kwanza, kaa nae leo mzungumze kabla hujaniandikia tena mimi. Kesho mfuate mwenye ukumbi, nenda na salamu na adabu zote, mwombe akusubiri mpaka mwezi wa nane. Usingoje akufuate yeye.